Mitihani ya mwisho na kuruka kozi kwa mtihani katika vyuo vya Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye dawati la chumba cha mitihani, ambako nilikaa miaka kadhaa nikikagua vitambulisho na kugawa karatasi za rafu. Wengi waliouliza walikuwa wageni wa mfumo wa Marekani, ingawa wenyeji nao walibabaika vilevile. Soma swali lako tu ukipenda. Pale jibu linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali hilo.

## Mambo ya msingi

1. Mtihani wa mwisho hufanyika lini, na nani anapanga ratiba?

Vyuo vinavyofuata mihula miwili hufanya mitihani katikati ya Desemba na mwanzoni au katikati ya Mei. Vinavyogawa mwaka kwa robo hufanya Desemba, Machi na Juni. Kabla ya wiki ya mitihani vyuo vingi hutoa siku moja au mbili zisizo na vipindi, kwa ajili ya kujisomea.

Ratiba hupangwa na ofisi ya msajili, si mwalimu, na hapo ndipo watu hujikwaa: saa ya mtihani si lazima iwe saa ya kipindi. Darasa la Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi linaweza kufanya mtihani wake Jumanne alasiri, tena kwa saa mbili au tatu badala ya dakika hamsini. Tazama jedwali la msajili wiki ya kwanza ya muhula, kabla hujanunua tiketi ya kusafiri. Tiketi iliyokwisha kulipiwa si sababu ambayo mwalimu analazimika kuikubali.

Halafu kuna saa yetu ya Kiswahili. Nimempokea kijana aliyefika saa mbili asubuhi kwa mtihani ulioandikwa 2:00 p.m., akiwa amevaa vizuri na kalamu mkononi. Huyo alikuwa na bahati, alisubiri saa sita tu. Anayekosea upande wa pili hufika mlango umefungwa. Kwenye kalenda yako andika saa kama ilivyo kwenye ratiba, usiitafsiri.

2. Mtihani wa mwisho una uzito gani katika alama ya kozi?

Jibu liko kwenye silabasi, ile hati unayopewa siku ya kwanza na ambayo wengi huiacha kwenye mkoba hadi Novemba. Kozi nyingi huupa mtihani wa mwisho kati ya asilimia 20 na 40. Zilizobaki hutokana na majaribio, insha, maabara na kuhudhuria. Hivyo, unapofika kwenye mtihani huwa sehemu kubwa ya alama yako imeshapatikana au imeshapotea.

Piga hesabu kabla ya kukesha. Tuseme una wastani wa 78 kwenye kazi zenye uzito wa asilimia 70, na mtihani umebeba 30. Unataka 80 kwa jumla. Zidisha 78 kwa 0.7, utapata 54.6. Unahitaji 25.4 zaidi kutoka kwenye zile 30, yaani karibu 85 kwa mia kwenye mtihani. Nimeona watu wakijiua kwa kahawa wakitafuta A ambayo hata wangepata 100 isingefika, huku kozi nyingine iliyokuwa ukingoni ikitelekezwa.

3. Kila kozi ina mtihani wa mwisho?

Hapana. Nyingine humalizika kwa insha ndefu, mradi, onyesho au mazungumzo ya ana kwa ana na mwalimu. Silabasi itasema.

4. "Kuruka kozi kwa mtihani" maana yake nini hasa?

Ni kuthibitisha kwa mtihani kwamba unayajua yaliyomo katika kozi, ili usilazimike kuisoma. Lakini chini ya jina hilo kuna mambo matatu yanayochanganywa kila siku, na kuyachanganya ni gharama.

La kwanza ni krediti, yaani vipimo vya kozi unavyokusanya hadi vitimie vya shahada. Unafaulu mtihani, chuo kinakuandikia krediti 3 au 6 kana kwamba ulisoma. Shahada ya kwanza kwa kawaida huhitaji krediti 120, kwa hiyo hizo ni hatua za kweli kuelekea mwisho.

La pili ni msamaha. Chuo kinakuondolea sharti la kusoma kozi fulani lakini hakikupi krediti. Pengo linabaki, utalijaza kwa kozi nyingine.

La tatu ni kupangiwa ngazi. Mtihani wa hesabu kama ALEKS au Accuplacer unaofanywa kabla ya kuanza masomo huamua uanzie kozi gani. Ukifanya vizuri unaanzia juu, basi. Kila mwaka alikuja mtu kudai krediti za aljebra kwa sababu alipangiwa kuanza na kalkulasi, na kila mwaka nilimrudisha kwa msajili mikono mitupu.

Unapouliza ofisini, usiulize "mnaukubali mtihani huu?" Uliza: "Nikifaulu, nitapata krediti ngapi, na zitasimama badala ya kozi gani?"

## Siku ya mtihani

5. Niende na nini?

Kitambulisho chenye picha, na vifaa vilivyotajwa na mwalimu. Kwa maswali ya kuchagua jibu, madarasa mengi hutumia karatasi ya viduara inayosahihishwa na mashine, maarufu kwa jina la kampuni, Scantron. Inataka penseli ya namba 2, ambayo kwetu ni HB ya kawaida. Kiduara kijaze hadi kiive, na ukifuta, futa kisibaki kivuli, maana mashine haijui ulichokusudia.

Kwa maswali ya insha utakuta kijitabu chembamba chenye jalada la bluu. Pengine mwalimu hugawa, pengine unatakiwa ukinunue mwenyewe kwenye duka la vitabu la chuo, nalo hujaa foleni asubuhi ya mtihani. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, vijitabu hivi vimerudi kwa kasi. Walimu wengi wameamua kwamba njia rahisi ya kujua nani anajua ni kumwona akiandika kwa mkono wake. Kama hujaandika kurasa nne mfululizo kwa kalamu tangu sekondari, fanya mazoezi. Mkono huchoka kabla ya akili.

Simu iache nje au izime na uiweke mahali msimamizi alipoelekeza. Simu inayolia ndani ya mfuko inatosha kufungua jalada la udanganyifu (swali la 22).

6. Mtihani wangu ni wa kufanyia nyumbani kwa kompyuta. Nitegemee nini?

Inategemea kiwango cha usimamizi. Cha chini kabisa ni programu inayofunga kivinjari kingine chochote hadi umalize, kama LockDown Browser ya Respondus. Cha juu ni kamera na kipaza sauti vikiwa wazi muda wote, huku mtu au programu ikikutazama. Kabla ya kuanza unaonyesha kitambulisho, na mara nyingine unatakiwa uzungushe kamera chumba kizima, hadi chini ya meza.

Sharti hilo la kuzungusha kamera lilifika mahakamani. Agosti 2022 jaji wa shirikisho huko Ohio aliamua kwamba chuo kikuu cha umma cha Cleveland State kilikiuka haki ya kikatiba ya mwanafunzi dhidi ya upekuzi pale alipotakiwa kuonyesha chumba chake cha kulala. Hukumu ile haikuufuta utaratibu nchi nzima, ila ilivipa vyuo vingine sababu ya kufikiri upya. Kama hutaki chumba chako kionekane, omba mapema kufanyia mtihani kwenye kituo cha chuo. Wengi hukubaliwa.

Jaribu programu siku tatu kabla, kwenye kompyuta ileile na mtandao uleule. Waambie wa nyumbani wasikuingilie. Sauti ya mtu mwingine chumbani huwekewa alama ya tahadhari. Mtandao ukikatika katikati, piga picha skrini kwa simu, andika saa, na mwandikie mwalimu barua pepe papo hapo. Malalamiko ya kesho yake yana nguvu nusu.

Kama uko Afrika Mashariki unasomea mbali, angalia majira. Mtihani unaofungwa 11:59 usiku kwa saa za New York, mwezi Desemba kwako ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya siku inayofuata. Mwezi Mei ni saa moja kasoro dakika moja, kwa sababu Wamarekani wanasogeza saa zao na sisi hatusogezi.

7. Kitabu wazi, au mtihani wa kuchukua nyumbani: si ndiyo rahisi?

Ndivyo kila mtu anavyodhani mara ya kwanza. Mwalimu anayekuruhusu kufungua kitabu hawezi tena kukuuliza kilichomo ndani yake, kwa hiyo anakuuliza usichoweza kukikuta humo: linganisha, tumia, tetea. Anayekuja na kitabu ambacho hajakisoma hutumia muda wake kufunua kurasa. Tengeneza faharasa yako ya ukurasa mmoja. Mara nyingi ukishaitengeneza hutaihitaji.

Soma pia kinachoruhusiwa kwa maneno. Kitabu wazi hakumaanishi rafiki wazi, wala programu ya akili unde wazi.

8. Ni kweli kuna vyuo ambako hakuna msimamizi chumbani?

Kweli. Vinaongozwa na kanuni ya uaminifu ambayo wanafunzi wenyewe huiapia. Princeton ilianza utaratibu huo mwaka 1893 na kuushika kwa zaidi ya miaka mia. Haverford, huko Pennsylvania, imekwenda mbali zaidi: mitihani mingi ya mwisho mwanafunzi huchagua mwenyewe aifanye lini ndani ya kipindi cha mitihani. Usidanganyike na utulivu wake. Anayekiuka huhukumiwa na wenzake, nao si wapole.

9. Nina mitihani miwili kwa wakati mmoja, au mitatu siku moja. Nifanyeje?

Kwa miwili inayogongana, chuo hakina budi kuhamisha mmoja. Kwa mitatu ndani ya siku moja, vyuo vingi vina kanuni inayokuruhusu kuomba mmoja usogezwe, lakini kanuni hiyo haijiendeshi: kuna fomu, na kuna tarehe ya mwisho ambayo mara nyingi ni wiki kadhaa kabla. Ukiamka siku ya pili ya wiki ya mitihani ndipo ukaomba, utaambiwa pole.

10. Nimeugua, au nimefiwa, au nimelala hadi mtihani ukapita. Kuna tumaini?

Kwa ugonjwa na msiba, ndiyo. Andika kwa mwalimu kabla ya mtihani ikiwezekana, hata mistari miwili, na umpe nakala mkuu wa wanafunzi. Matokeo ya kawaida ni mtihani wa kufidia au alama ya "I", maana yake kozi haijakamilika. "I" ina muda wake. Usipomaliza kazi iliyobaki kabla ya tarehe iliyowekwa, katika vyuo vingi inageuka F yenyewe, bila mtu kukupigia simu.

Kwa usingizi hakuna kanuni ya kukulinda, kuna huruma ya mwalimu tu. Nenda mwenyewe, siku ileile, sema ukweli. Nimeona walimu wakimkubali aliyelala na kumkataa aliyezua kifo cha bibi wa tatu.

11. Nikifeli, kuna sapu?

Hapana, na hili huwashtua wengi. Vyuo vya Marekani kwa kawaida havina mtihani wa marudio baada ya kufeli. Ukipata F unairudia kozi nzima, kwa ada nzima. Vyuo vingi huruhusu alama mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani kwenye GPA, yaani wastani wa alama zako zote, ingawa F yenyewe hubaki ikionekana kwenye transkripti.

Ndiyo maana tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwenye kozi ni muhimu kuliko mtihani wenyewe kwa aliyekwama. Ukijiondoa kabla ya tarehe hiyo unapata "W", ambayo haiingii kwenye GPA. Mwenye viza ya masomo asome kwanza swali la 19.

12. Nina ulemavu, au tatizo la kusoma. Naweza kupewa muda zaidi?

Ndiyo, na si hisani. Sheria ya 1973 ya urekebishaji, kifungu cha 504, na sheria ya 1990 ya Wamarekani wenye ulemavu zinavitaka vyuo vitoe marekebisho yanayofaa: muda wa nusu zaidi au mara mbili, chumba tulivu, maandishi makubwa, msomaji. Unajiandikisha kwenye ofisi ya huduma za ulemavu ukiwa na hati za daktari, na ofisi inampa mwalimu barua isiyotaja ugonjwa wako. Fanya hivyo mwanzoni mwa muhula, kwa kuwa marekebisho hayarudi nyuma kuufidia mtihani uliokwisha kufanyika.

Kiingereza kuwa lugha yako ya pili au ya tatu hakuhesabiwi kuwa ulemavu. Mwalimu anaweza kukuruhusu kamusi kwa hiari yake. Muombe mapema.

## Kuruka kozi kwa mtihani

13. Njia ni zipi?

Iliyo maarufu zaidi kwa watu wazima ni CLEP, mitihani ya kupata krediti ya shirika la College Board, iliyoanza 1967. Ina mitihani 34, kuanzia biolojia hadi historia ya Marekani, na vyuo zaidi ya 2,900 huipokea kwa kiasi fulani. Unaweza kuufanya wakati wowote wa mwaka.

Mitihani ya DSST ilianzia kwa ajili ya wanajeshi na sasa imefunguliwa kwa kila mtu. Inaendeshwa na kampuni ya Prometric na ina masomo ambayo CLEP haina. Mitihani ya AP ni ya wanafunzi wa sekondari: hufanyika Mei, hutolewa alama 1 hadi 5, na vyuo vingi huanzia 3, 4 au 5 kutegemea somo. Baadhi ya majimbo, Illinois ikiwemo, yanavibana vyuo vya umma kutambua 3 na kuendelea.

Mwisho kuna mtihani wa chuo chenyewe, unaotungwa na idara husika. Huo ndio usiotangazwa. Muulize mkuu wa idara, si dawati la mbele.

14. Mtihani wa CLEP ukoje ndani?

Unakaa mbele ya kompyuta, unafunga simu na begi kwenye kabati, unapewa karatasi za rafu na penseli ambazo utazirudisha zote. Mitihani mingi ni ya dakika 90 ya kuchagua jibu. Kikokotoo chako hakiingii. Kwenye masomo yanayokihitaji kipo ndani ya skrini.

Mwendo ndio unaoangusha watu. Biolojia ina maswali kama 115, yaani sekunde 47 kwa kila moja. Uchumi mpana una kama 80. Swali likikukwamisha liwekee alama, chagua jibu lolote, songa mbele. Jibu la makosa halikatwi alama, kwa hiyo kuacha nafasi wazi ni kutupa sadaka mtoni.

Ukimaliza, alama hujitokeza kwenye skrini hapohapo, isipokuwa mtihani wa uandishi wenye insha, ambao husubiri wasahihishaji. Ile sekunde kati ya kubofya na kuona namba nimeitazama mamia ya mara kupitia kioo. Wapo wanaofumba macho.

15. Nikipata ngapi nimefaulu, na chuo kinalazimika kukubali?

CLEP hupimwa kati ya 20 na 80. Baraza la Marekani la Elimu, ACE, linapendekeza 50 iwe alama ya kupewa krediti, na alama ya juu zaidi kwa ngazi ya pili ya lugha: Kihispania, kwa mfano, 50 hupendekezewa krediti 6, na 63 krediti 9.

Neno ni *kupendekeza*. Chuo hakifungwi nalo. Kimoja kitakubali 50, cha jirani kitataka 60, cha tatu kitakubali alama lakini kiseme zinahesabika kama kozi za hiari tu. Vyuo vyenye ushindani mkali sana wa kuingia mara nyingi havipokei CLEP kabisa. Kufaulu mtihani na kupata krediti ni milango miwili yenye walinzi tofauti. Nilimpokea mama mmoja aliyepata 71 kwenye saikolojia. Alipofika kwa msajili wa chuo chake akaambiwa kozi yake ya shahada inataka saikolojia iliyosomwa darasani. Alikuwa ameuliza kwa mdomo, akajibiwa "ndiyo, tunapokea CLEP". Na ni kweli walikuwa wanapokea.

Kwa hiyo: tafuta jedwali la chuo, mwandikie mshauri wa masomo barua pepe yenye maswali mawili ya swali la 4, hifadhi jibu. Kisha ndipo ulipe.

16. Nianze na mtihani upi?

Ule unaoujua tayari nusu yake, na ambao chuo chako kinauhesabu kwenye masharti ya lazima. Fanya jaribio la mazoezi kabla ya kusoma chochote. Ukipata nusu, wiki chache zinatosha. Ukipata robo, huenda kozi yenyewe ndiyo njia fupi.

Usiruke kozi ambayo nyingine zimesimama juu yake. Anayeruka kemia ya kwanza kwa kukariri atakutana nayo tena kwenye kemia ya pili, safari hii bila mwalimu wa kumwonea huruma. Na kama unaelekea shule ya udaktari, kagua masharti yao kwanza, kwa kuwa nyingi zina vikwazo kwa sayansi zilizopatikana kwa mtihani.

17. Gharama ni kiasi gani, na naweza kupunguza?

Ada ya CLEP ni karibu dola 100, na kituo cha mitihani huongeza yake ya usimamizi. Ni malipo mawili na miadi miwili: unalipia mtihani kwa College Board, kisha unapanga siku na kituo mwenyewe. Wengi hulipa mahali pamoja wakadhani wamemaliza.

Shirika la Modern States linatoa kozi za bure mtandaoni za kujiandaa na CLEP, na ukikamilisha kozi hupata vocha inayolipia mtihani. Wanajeshi walio kazini hulipiwa na serikali. Siku ya mtihani taja chuo cha kutumiwa alama. Wakati huo ni bure, ukisubiri baadaye utalipia.

18. Je, nikifeli CLEP? Na nikifaulu, inaingia kwenye GPA?

Utasubiri miezi mitatu kurudia somo lilelile. Kwa DSST ni siku 30. Kufeli hakugusi transkripti yako ya chuo.

Kufaulu nako hakuipandishi GPA: krediti huandikwa bila herufi, au kwa alama ya kupita tu. Kwa mwenye GPA dhaifu anayehitaji A za kuiinua, kuruka kozi rahisi ni kujinyima. Hilo halisemwi vya kutosha.

## Mambo yenye utata

19. Niko na viza ya masomo, F-1. Naweza kuruka kozi?

Unaweza, ila angalia hesabu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye F-1 anatakiwa kusajili walau krediti 12 kila muhula wa kawaida. Krediti za mtihani hazihesabiki kama masomo uliyosajili. Ukiruka kozi, jaza nafasi yake na nyingine. Ukitaka kujiondoa kwenye kozi na kubaki chini ya 12, pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Kabla, si baada. Na kwenye kituo cha mtihani, nenda na pasipoti yenyewe. Nakala au picha kwenye simu haitapokelewa.

20. Kiswahili changu kinaweza kunipa krediti?

Hili nalipenda. Vyuo vingi Marekani vina sharti la lugha ya kigeni, na mzungumzaji wa Kiswahili mara nyingi anaweza kulitimiza bila kukaa darasani. CLEP haitakusaidia hapa, lugha zake ni Kifaransa, Kijerumani na Kihispania tu. Njia ni mbili: idara ya lugha za Kiafrika ya chuo chenyewe kama ipo, au mahojiano ya kuzungumza ya ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, ambayo yanafanyika kwa Kiswahili pia.

Utapata nini? Hapo rudi swali la 4. Vyuo vingine hutoa msamaha tu kwa mtu aliyezaliwa na lugha hiyo, kwa hoja kwamba hukujifunza chochote kwao. Vingine hutoa krediti kamili. Na usijibweteke: mahojiano hupanda ngazi kutoka habari za familia hadi kutetea hoja ya sera. Nimeona kijana wa mjini akikwama kwenye "eleza sababu za kupanda kwa bei" kwa kuwa kila neno zito lilimjia kwa Kiingereza.

21. Nilifeli kozi, au nimeshaisajili. Naweza kuifuta kwa mtihani?

Kwa kawaida hapana. Vyuo vingi havitoi krediti ya mtihani kwa kozi uliyokwisha kuisoma na kufeli, wala ya chini ya ile uliyokwisha kupita. Kama umeisajili na muhula umeanza, utalazimika kujiondoa ndani ya muda, na mtihani wa idara mara nyingi hauruhusiwi tena.

22. Nimetuhumiwa kuibia katika mtihani. Nifanye nini?

Usijibu kwa hasira wala usisaini kukiri usichokielewa. Omba maelezo ya tuhuma kwa maandishi, soma kanuni za nidhamu za chuo, kusanya ushahidi: rasimu zako, historia ya faili, barua pepe. Una haki ya kusikilizwa. Kama kweli uliingia na mwakenya, yaani kikaratasi cha kuibia, jua kwamba adhabu huanzia sifuri kwenye mtihani hadi kufukuzwa.

Kuna kosa la wageni hasa: kugeuka kumwambia mwenzako jambo dogo kwa Kiswahili. Ulikuwa unaomba kifutio. Msimamizi haelewi, na ataandika alichokiona.

23. Naweza kupata shahada nzima kwa mitihani?

Karibu nzima, si nzima. Vyuo vingi vinataka krediti kadhaa, 30 ni namba ya kawaida, zipatikane kwao wenyewe. Vipo vilivyoundwa kwa watu wazima wenye krediti kutoka huku na kule: Excelsior ya New York, Charter Oak ya Connecticut na Thomas Edison ya New Jersey, ambayo ina hata mitihani yake iitwayo TECEP. Hivi hupokea krediti nyingi za mtihani na kubakiza kozi chache za lazima.

Chuo kikuu cha Western Governors, kilichoanzishwa 1997, ni kitu kingine: unalipa ada moja kwa miezi sita na kupita kozi kila unapothibitisha umahiri, ziwe tatu au kumi.

24. Nikihamia chuo kingine, krediti zangu za mtihani zinanifuata?

Si moja kwa moja. Chuo kipya kwa kawaida hakitazami kilichoandikwa na cha zamani. Kinataka alama zenyewe kutoka College Board au Prometric, na kinazipima kwa jedwali lake. Krediti 6 za kwanza zinaweza kuwa 3, au sifuri. College Board huhifadhi alama za CLEP kwa miaka 20, kwa hiyo hata uliyeacha chuo zamani unaweza kuziitisha. Za mtihani wa idara ndizo hufa njiani kwa urahisi zaidi, kwani hakuna shirika la nje linalozithibitisha. Kama unajua utahama, zifanye za mwisho.